Vifaranga 50 nimebaki na 29, nataka mayai na nyama ya nyumbani, nimekosea wapi?

nyuma_ya_nyumba:

Habari zenu wakuu, naombeni mnisaidie kwa hili maana limeninyima usingizi. Nyumbani tuko watu sita, nikasema badala ya kununua mayai na kuku kila mara ngoja nifuge mwenyewe, nina sehemu nyuma ya nyumba kama mita 4 kwa 3 nikajenga banda, chini saruji, ukuta nusu tofali nusu wavu, juu bati. Nikachukua vifaranga 50 wa siku moja, chotara, wale wanaosifiwa kwamba wana nyama na mayai pia.

Usiku wa kwanza niliwawekea balbu moja katikati ya banda, maranda chini, maji na chakula pembeni nikaenda kulala. Kulipokucha nikakuta wote wamejirundika kona moja, nikaanza kuwatoa kwa mkono, wa juu wazima wanalia, kadiri ninavyoshuka chini nakuta wamekuwa bapa, manyoya yameloana, miili bado ina moto. Sita pale pale. Usiku uliofuata watatu tena. Siku ya nne mpaka ya saba wengine kinyesi kikawa kinawagandia nyuma, kigumu kama gundi iliyokauka, wakafa watano. Hapo nikajua yameisha, wakatulia wakaanza kuota mabawa, nikafurahi. Wiki ya tatu ndio ikaja ile ya damu. Anasimama peke yake, mabawa ameyashusha, macho amefumba, kinyesi kimechanganyika na damu, kesho yake hayupo. Nikatafuta dawa ya kuhara damu nikawa nawachanganyia na vitamini kwenye maji yale yale ili wapate nguvu, lakini bado saba wakaondoka.

Sasa wako wiki ya sita, 29, wanakula vizuri na wanarukaruka. Ninachotaka kujua ni nini hasa kiliwaua maana nikichukua wengine sitaki kurudia, halafu hawa nilionao kweli watanipa nyama na mayai yote mawili au nimejidanganya na ilitakiwa nifuge wa mayai peke yao na wa nyama peke yao? Jogoo ni lazima awepo ndio watage? Na chakula nichanganye mwenyewe au ninunue kilichochanganywa? Samahani maswali ni mengi, ila bora niulize kuliko kuendelea kubahatisha na viumbe hai.

Mama_Tetea:

Pole sana ndugu yangu. Hao tisa wa mwanzo hawakuumwa chochote, waliuliwa na baridi na kona. Kifaranga wa siku moja hana uwezo wa kutosha wa kujitengenezea joto, ana yale malaika tu mwilini, kwa hiyo akisikia baridi anatafuta mwenzake, mwenzake anatafuta mwingine, na kwenye kona hakuna pa kutokea basi wanapandana mpaka wa chini anakosa hewa. Balbu moja katikati ya banda la mita 4 kwa 3 ni sawa na kuota moto wa mshumaa uwanjani.

Safari ijayo usiwape banda zima. Chukua mabati mepesi au maboksi magumu, yaunganishe yawe duara, kimo kama cha goti, upana wa duara kwa vifaranga 50 mita moja na kidogo inatosha kuanzia, kila baada ya siku kadhaa unalipanua. Duara halina kona, hilo peke yake litakuokolea nusu ya vifo. Chanzo cha joto kiwe juu ya duara, upande mmoja sio katikati kabisa, ili anayesikia joto sana apate pa kukimbilia. Washa masaa kadhaa KABLA hawajafika, maranda yawe yameshapata moto, maana ukiwaweka juu ya sakafu ya baridi joto la juu halisaidii kitu, baridi inapandia miguuni.

Wiki ya kwanza joto liwe nyuzi 32 mpaka 35 pale walipo wao, yaani upime usawa wa mgongo wa kifaranga sio ukutani, halafu unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki kwa kupandisha taa juu kidogo kidogo. Ila kipimajoto kinaweza kudanganya, vifaranga hawadanganyi. Wakirundikana chini ya taa na kulia kwa sauti kali wana baridi. Wakikimbilia pembeni, midomo wazi, mabawa wameyaachia, joto limezidi. Wote wakiegemea upande mmoja kuna upepo unaingia upande wa pili, kautafute hapo hapo. Wakitawanyika duara lote, wengine wanakula wengine wamelala wamejinyoosha kabisa na sauti ni ya chini chini tu, nenda kalale. Na uamke usiku saa nane uwaangalie, usiku ndio wanakufa.

Mimi nina kitu nafanya siku zote, nachukua kifaranga mmoja nagusisha miguu yake kwenye shavu langu. Ikiwa ya baridi huyo ana baridi hata kama kipimajoto kinasema nini. Halafu jioni ya siku ya kwanza nawapapasa kile kifuko cha chakula pale chini ya shingo, mmoja mmoja kama kumi hivi. Kikiwa kimejaa na ni laini kama donge la unga uliolowa, amekula na amekunywa. Kikiwa kigumu amekula hajapata maji. Kikiwa kitupu huyo hajaona chakula na asipokiona usiku huo kesho utamkuta amelala, kwa hiyo mchukue mchovye ncha ya mdomo kwenye maji, mara moja mbili ataelewa mwenyewe.

Kile kinyesi cha kuganda nyuma nacho mara nyingi ni mtoto wa baridi, au maji ya baridi sana, au joto lililozidi akakaukiwa. Usikivute kikavu utamchuna ngozi. Pamba na maji ya uvuguvugu, loweka taratibu mpaka kiachie, mkaushe, mpake mafuta kidogo, mrudishe kwenye joto. Ukiwaangalia asubuhi na jioni wiki ya kwanza huwezi kupoteza watano kwa hilo.

fundi_maranda:

Mama Tetea amemaliza ya baridi, mi niongelee ya damu maana imenigusa. Mkuu, hiyo dawa uliyowapa ni ya jina gani? Na maranda ulikuwa unabadilisha kila baada ya muda gani?

nyuma_ya_nyumba:

Asante sana Mama Tetea, nimesoma mara mbili na hiyo ya kuamka saa nane usiku imeniuma kweli, maana nililala fofofo.

fundi_maranda, dawa ilikuwa amproliamu. Maranda sikuyabadilisha mpaka wiki ya tatu, niliambiwa kuyabadilisha badilisha kunawasumbua. Pale penye vyombo vya maji palikuwa pamelowa, nilikuwa naona ila nikadhani kawaida.

fundi_maranda:

Sasa hapo ndio penyewe. Kuhara damu kwa vifaranga wa umri huo kwa kawaida ni koksidia, ni vijidudu vinakaa kwenye utumbo, kuku akinya vinatoka vikiwa bado havina madhara, vinahitaji unyevu, joto na hewa kama siku moja au mbili ndio viive viweze kuambukiza. Ukimnyima unyevu umemkata mguu. Kwa hiyo pale palipolowa chini ya chombo cha maji ndio palikuwa panawapikia ugonjwa kila siku na wao hapo hapo ndio wanakusanyika kunywa na kudonoadonoa.

Kuhusu kubadilisha, sio lazima uondoe yote. Sehemu iliyolowa peke yake iondoe siku hiyo hiyo, weka makavu, kwingine geuza kwa reki. Kipimo changu ni hiki: chota maranda ujaze kiganja, kamua kwa nguvu, fungua mkono. Yakibaki donge yamelowa sana. Yakishikana kidogo halafu yakasambaratika hapo sawa. Yakitoa vumbi linaloingia puani yamekauka kupita kiasi nalo linaleta mafua. Na harufu, ukiinama kimo cha kuku macho yakawasha ujue wao wanaishi humo masaa 24. Chombo cha maji kiinue kila wiki kadiri wanavyokua, ukingo wake uwe usawa wa mgongo wa kuku, hapo hawezi kuingia miguu wala kumwaga.

Na hili la vitamini naomba kila mtu alisome. Amproliamu inafanya kazi kwa kujifananisha na vitamini B1, wale vijidudu wanaihitaji B1 ili waishi, wanaichukua dawa wakidhani ndio yenyewe wanakufa njaa. Sasa ukiweka na vitamini zenye B kwenye maji yale yale unawalisha wale vijidudu unaotaka kuwaua. Dawa yako ilikuwa sahihi ila uliipunguza nguvu mwenyewe kwa nia nzuri kabisa. Wape dawa kwa siku na kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, maliza, NDIPO uwape vitamini. Na wale wanaokimbilia antibayotiki kila wakiona kuhara, koksidia sio bakteria, antibayotiki za kawaida haziiwezi, unapoteza siku tatu nne kuku wanaisha.

nyuma_ya_nyumba:

Aisee. Nilikuwa naona nawasaidia. Saba wale. Asante sana, hii sitaisahau.

Shamba_Dogo:

Kwenye swali la nyama na mayai nina maoni yangu. Wa nyama na wa mayai ni kuku wawili tofauti kabisa na ukilazimisha mmoja afanye kazi zote mbili atafanya zote nusu. Broila, yaani wa nyama, ndani ya wiki 6 hivi ana kilo 2 na zaidi, kwa chakula kisichofika kilo 4. Leya, yaani wa mayai, wa kisasa anaanza kutaga wiki ya 18 mpaka 20 na kwa mwaka anakupa mayai karibu 300 lakini ukimchinja unakuta mifupa. Chotara yuko katikati, jogoo wake mpaka afike kilo 2 ni miezi mitatu minne amekula sana, na tetea wake hafikishi mayai ya leya. Ushauri wangu leya 10 kwa ajili ya mayai, na kila baada ya miezi miwili unaingiza broila 20 unachinja unahifadhi kwenye friza.

Mama_Tetea:

Shamba Dogo kwa hesabu ya biashara uko sahihi na siwezi kukubishia. Ila huyu ndugu anataka kulisha watu sita, na ana 29 hai mkononi walioshavuka kipindi kigumu. Broila anataka umsimamie kila saa, ukichelewa kumtoa miguu inamshinda kubeba mwili, joto likizidi mchana moyo unasimama anakufa ghafla tu amelala chali. Na broila na leya banda moja haiwezekani, chakula tofauti umri tofauti, na kila ukiingiza vifaranga wapya kwenye eneo la wakubwa unawakaribishia magonjwa ya wakubwa.

Angalia alichonacho kwanza. Vifaranga chotara mara nyingi unauziwa mchanganyiko, karibu nusu ni majogoo. Kwa hiyo kwenye 29 ana kama 14 au 15 wa nyama tayari na kama hao wa mayai. Wiki ya sita ukiwatazama vilemba utaanza kuwajua, jogoo kilemba chake kimeanza kuwa chekundu na kunenepa, miguu minene, anasimama wima. Tetea kilemba bado kidogo cha njano njano. Watenganishe kwa wavu katikati ya banda, majogoo upande mmoja walishwe wanenepe, kuanzia wiki ya 12 hivi uwe unachinja mmoja mmoja kadiri unavyohitaji, wa mwisho atakuwa mkubwa kuliko wa kwanza na hakuna hasara. Tetea upande wa pili wasisumbuliwe.

Na jogoo sio lazima kabisa. Tetea anataga bila jogoo, yai linatengenezwa mwilini mwake kila siku masaa 24 mpaka 26 awe na jogoo asiwe naye. Jogoo ni kwa ajili ya kupata vifaranga. Ukitaka kutotolesha weka jogoo mmoja kwa tetea 10, yai utakalolichagua lisizidi siku 7 tangu litagwe, na siku 21 kifaranga anatoka. Kama hutotoleshi jogoo wa ziada anakula bure na kuwachuna tetea manyoya mgongoni.

Shamba_Dogo:

Sawa dada, kwa hao 29 nakubali, sikuangalia kwamba tayari wapo. Ila akishawamaliza majogoo aje afikirie broila, mi nimefuga zote na naongea nililoliona.

Kwenye chakula naomba niongeze maana hapo watu wengi wanaharibu. Kuku anayetaga anakula kama gramu 120 kwa siku, tetea 14 ni kilo moja na gramu 700 hivi, mfuko wa kilo 50 unawapeleka karibu mwezi mmoja. Maji ni mara mbili ya chakula na joto likipanda yanazidi, na akikosa maji siku moja tu utaliona kwenye mayai ya siku zinazofuata. Usimwanzishie chakula cha kutaga mapema ukidhani unamharakisha. Kile kina kalsiamu karibu asilimia 4, cha kukuzia kina kama asilimia 1, ukimpa mdogo ile kalsiamu yote figo zinaharibika na hutajua mpaka aanze kufa akiwa mkubwa. Subiri wiki ya 18 au yai la kwanza.

Kuchanganya mwenyewe inawezekana, mahindi na pumba ndio nguvu, soya au mashudu ya alizeti na dagaa ndio protini, chokaa ya mifugo, chumvi kidogo sana, na premiksi (ule mchanganyiko wa vitamini na madini) usiiruke. Cha kutagia protini iwe asilimia 16 mpaka 18. Soya mbichi usiwape hata siku moja, ina kitu kinazuia tumbo kusaga protini, lazima ikaangwe au iwe imeshakamuliwa mafuta kwa moto. Dagaa ionje kwa ulimi, ikiwa ya chumvi sana au ina mchanga iache. Na mahindi yenye ukungu, yale watu wanasema haya hatuwezi kula sisi tuwape kuku, hapana. Ile sumukuvu inakula ini, kuku anadumaa, chanjo hazishiki, mayai yanapungua na wewe unatafuta ugonjwa usiouona. Kama huna uhakika wa malighafi nunua kilichochanganywa, kwa kuku 14 tofauti sio kubwa ya kukufanya uhatarishe.

Mwl_wa_Kuku:

Mimi sijaona mtu ameuliza chanjo na mwenye uzi hajasema. Mkuu ulichanja?

nyuma_ya_nyumba:

Nilichanja ya siku ya 7 na ya siku ya 14, ile wiki ya damu nikasimama, sijaendelea.

Mwl_wa_Kuku:

Ulifanya sawa kusimama, kuku mgonjwa hachanjwi. Ila sasa wamepona uendelee, nakuomba sana. Utaratibu wa kawaida ni kideri (Newcastle) siku ya 7, gumboro (kirusi kinachoshambulia kinga ya vifaranga) ya 14, kideri tena ya 21, gumboro tena ya 28, halafu ndui wiki ya 6 mpaka ya 8, na kideri unarudia kila miezi mitatu maisha yao yote. Ratiba zinapishana kidogo kutokana na aina ya chanjo na magonjwa yaliyoko eneo lako, kwa hiyo muone mtaalamu wa mifugo aliye karibu akupangie za kuwafidia hao. Ndui wako kwenye wakati wake sasa hivi, inachomwa kwenye ngozi ya bawa kwa sindano ya pacha, baada ya wiki moja unaangalia pale pawe na kidonda kidogo kama kipele, pasipokuwepo haijashika.

Chanjo ya kunywesha kwenye maji ina masharti yake. Maji yasiwe na klorini, itaua chanjo kabla kuku hajainywa. Wanyime maji saa moja au mbili kwanza wapate kiu, halafu uweke chanjo kwenye maji kidogo yanayoweza kuisha ndani ya saa mbili, vyombo vitoshe wote wanywe kwa pamoja, asubuhi jua halijakuwa kali. Chanjo yenyewe iletwe kwenye barafu, ikishakaa juani umenyweshea maji matupu.

Nasisitiza kideri kwa sababu yangu. Nilikuwa na kuku 40 wanaotaga, nikapenda jogoo mmoja mahali, mrefu, rangi safi, nikamnunua nikamwingiza bandani jioni ile ile. Na chanjo ilikuwa imepitiliza mwezi mzima, kila wiki nasema wiki ijayo. Siku ya sita nikakuta tetea mmoja shingo imepinda imeangalia nyuma, anazunguka sehemu moja kama amefungwa kamba, kinyesi kijani. Mpaka wiki inaisha nilibaki na watatu. Kideri ni kirusi hakina dawa, unayeuziwa dawa ya kideri umeuziwa maji. Tangu hapo kuku mgeni anakaa peke yake mbali wiki mbili au zaidi, na mimi namhudumia yeye WA MWISHO baada ya wale wa kwangu, na viatu vya bandani haviendi kokote.

nyuma_ya_nyumba:

Pole sana mwalimu. Nimeshapata mtaalamu anakuja keshokutwa kuangalia na kupanga chanjo.

Leo nimewahesabu kwa kilemba kama Mama Tetea alivyosema, majogoo ni 13, tetea 16 pamoja na mmoja ambaye bado simuelewi, nimemweka na tetea. Wavu nimeshaufunga katikati. Bado mawili tu. Viota niweke lini na vingapi? Na hao majogoo, wale waliopewa dawa wiki ya tatu, nyama yao ina shida?

Mama_Tetea:

Viota weka wiki ya 16 hivi wavizoee kabla hawajaanza, ukichelewa watataga kwenye kona na ukishawaachia hiyo tabia kuitoa ni kazi. Kimoja kwa tetea wanne watano, kwa hiyo vinne vinakutosha, upana na kina kama sentimita 30, weka sehemu yenye giza giza, ndani maranda safi mengi. Hayo maranda mengi ndiyo yanazuia yai kupasuka, na yai likipasuka mara moja kuku akalionja ndio anajifunza kula mayai. Okota mara mbili tatu kwa siku. Fito za kulalia ziwe juu kuliko viota, maana kuku analala sehemu ya juu kabisa anayoiona, viota vikiwa juu watalala humo wavichafue.

Ukiona maganda laini wawekee maganda ya konokono wa baharini au chokaa ya chenga chenga kwenye chombo cha peke yake, hasa saa tisa kumi alasiri. Ganda linajengwa masaa kama 20 na kwa sehemu kubwa ni usiku, ukimpa jioni anakuwa nayo tumboni wakati anapoihitaji. Na akishaanza kutaga anataka mwanga masaa 14 mpaka 16, kama mchana wenu ni masaa 12 taa ndogo ya kuongezea alfajiri inatosha, ila usiwaongezee mwanga kabla hawajakomaa, wataanza kutaga na mwili bado mdogo, mayai madogo na wengine kizazi kinatoka nje.

fundi_maranda:

La dawa nimalizie mimi. Kila dawa ina siku zake za kusubiri kabla ya kuchinja au kula mayai, zimeandikwa kwenye pakiti, soma hapo sio kwa kukisia. Ya wiki ya tatu mpaka uje uchinje wiki ya 12 imeshapita zamani, usiwe na wasiwasi. Ila kuanzia sasa andika kwenye daftari, tarehe, dawa gani, banda lipi, maana tetea wakishaanza kutaga siku ukiwapa dawa mayai ya siku hizo hayaliwi na wala humpi jirani.

Siku ya kuchinja, huyo mmoja mnyime chakula usiku kucha ila maji aendelee nayo, utumbo unakuwa mtupu na kazi inakuwa safi. Maji ya kunyonyolea yasichemke, yakichemka ngozi inaiva na kuchanika, nyuzi kama 60 hivi, mzamishe huku unamgeuza geuza kama dakika moja, vuta unyoya mmoja wa bawa, ukitoka bila kubisha mtoe. Na nyama usiiwahishe jikoni ikiwa bado ya moto, chotara wa miezi mitatu anakaza, mwache kwenye ubaridi mpaka mguu ukiukunja ulegee wenyewe.